Kibaba cha Tele

Wembley, London
14 Mei 2000

Kwako Dada Sheikha,

Salamu kwanza, ugomvi baadaye. Sisi huku wazima. Mwanamwema bado anafanya kazi yake ya kulea wazee na anarudi nyumbani na hadithi zao, ambazo anasema ni tamu kuliko za mumewe. Zahra ametimiza miaka kumi na minne. Anasikia kila neno la Kiswahili ninalomwambia na kila neno analijibu kwa Kiingereza. Pradip, yule Mhindi wa Harrow aliyezaliwa Jinja, anayeniuzia mchele kwa jumla, anakusalimu. Hajakuona maishani mwake, lakini anasema mwalimu aliyenifundisha mimi kusoma anastahili kupewa pole. Na wewe, goti linakusumbua bado? Karafuu za mwaka huu zimekuwaje? Paa la upande wa jikoni umelitengeneza, au bado unaweka ndoo?

Sasa ugomvi. Tangu Aprili, watu wanaokuja huku kuomba hifadhi hawapewi tena fedha za kula, ila kidogo sana. Zilizobaki wanapewa kwa vocha, karatasi zilizoandikwa thamani yake, wazipeleke kwenye maduka yenye kibali. Mimi nimeomba kibali na nimepata. Alama iko mlangoni. Utauliza mtu anayelaani jambo analiombeaje kibali. Nakujibu: uwanja wa mpira unafungwa mwaka huu, wateja wa siku za mechi ndio hao wanakwenda, na duka langu halili hotuba. Pili, duka kubwa liko mbali na mwenye vocha hana nauli.

Pamoja na kibali nikaletewa kanuni. Dada, nimesoma katiba za nchi nyingi na hukumu za majaji waliokufa kabla Baba hajazaliwa, lakini sijapata kusoma sentensi baridi kama hii: mwenye duka asirudishe chenji ya vocha. Mtu akinunua vitu vya pauni nne kwa vocha ya tano, pauni moja inabaki dukani. Kwa nani? Kwangu! Serikali imeniruhusu kumla mtu mwenye njaa, na ruhusa yenyewe imepigwa chapa kwa wino mzuri.

Wiki iliyopita alikuja Agathe, Mkongo wa Uvira, anayekaa na watoto wake wawili kwa wifi yake, mtaa wa nyuma. Akachukua mchele, mafuta na maziwa, bei ikawa haijafika thamani ya karatasi yake. Akazunguka rafu akitafuta cha kujazia, mwisho akashika kopo la rangi ya viatu.

"Mama, una viatu vya ngozi?"

"Sina, Papa. Lakini ntaachaje chakula ya watoto yangu hapa kwako bure?"

Nikamnyang'anya lile kopo. Nimepanga makopo matupu ya maziwa kwenye rafu ya nyuma ya mizani. Kila mwenye vocha ana kopo lake, limefungwa kipande cha kanga ili alitambue. Kinachobaki kwenye vocha nakitia humo kwa mchele, na kopo likijaa analichukua. Hiyo si chenji. Huo ni mchele. Waje waniambie vingine.

Mdogo wako mwenye hasira,
Mwadini


Wete, Pemba
2 Julai 2000

Mwadini,

Barua yako imechukua wiki nyingi njiani, na hasira zimefika bado za moto. Alhamdulillahi, goti linapanda ngazi, halishuki. Karafuu ni chache na bei yake usiniulize. Ndoo ya jikoni ipo pale pale.

Nilipofika pahala pa rangi ya viatu nilicheka, halafu nikaweka barua chini nikaenda uani. Mwambie huyo Agathe ana dada Pemba.

Lakini sikiliza. Umesema huo ni mchele, si chenji. Umeuliza mtu? Au umejiuliza mwenyewe ukajijibu mwenyewe, kama kawaida yako? Nakujua. Ukitenda jema huwezi kulala mpaka umelitangaza, na ukilitangaza unamtaja adui kwa jina. Skuli ulifukuzwa kwa kuandika ubaoni jambo ambalo darasa zima lilikuwa likilijua.

Weka makopo yako. Usibandike kitu.

Dada yako,
Sheikha


Wembley
8 Oktoba 2000

Dada Sheikha,

Natumai barua hii itakukuta na goti jepesi na paa zima. Jana wamecheza mechi ya mwisho katika ule uwanja. Mvua ilinyesha, Waingereza wakafungwa, wakaenda zao nyumbani kimya. Zahra amepata alama nzuri ya historia. Mama yake anataka awe muuguzi, mimi nataka awe mwanasheria, mwenyewe anataka tumwache.

Makopo yamezidi ishirini. Wanakuja Wakongo, Wasomali, mzee mmoja wa Kikurdi ambaye hatuna lugha ya pamoja ila vidole. Agathe ndiye msimamizi. Anawapanga, anawasuta, anawaambia wasiguse kopo la mwenzao.

Umeniambia nisibandike kitu. Nimebandika. Kwenye kioo cha mbele, kwa Kiingereza, herufi kubwa: HAPA HATULI CHENJI YA MKIMBIZI. Nikaandika na barua kwenye gazeti la mtaa, wakaichapa yote isipokuwa mstari uliomhusu waziri. Usikunje uso. Ubaya unaofanywa kwa kanuni unapenda sana kimya, na mimi sikuja Ulaya kujifunza kukaa kimya. Tungekuwa watu wa kukaa kimya ningekuwa Wete sasa hivi, nashikilia ndoo yako.

Pradip alisimama nje akakisoma kile kibandiko mara mbili. Akasema, "Mwadini bhai, kwa nini unampa mwizi anwani?" Nikamwambia mwizi ni wao. Akasema ndiyo, lakini anwani ni yako.

Uchaguzi wenu uko mlangoni. Niandikie mambo yanakwendaje. Nakutumia kipande cha gazeti.

Mwadini


Wete
3 Disemba 2000

Mdogo wangu,

Sote tumeamka salama. Mvua za vuli zimenyesha vizuri.

Kipande cha gazeti kimefika. Bahasha ilikuwa imefunguliwa na kufungwa tena kwa gundi ya mtu mwingine. Usinitumie tena magazeti. Na yale uliyoniuliza, usiniulize kwenye karatasi.

Niandikie habari za makopo tu. Hizo nazipenda.

Sheikha


Wembley
11 Februari 2001

Dada,

Natanguliza salamu bila kujua zinakwenda wapi. Tumesikia redioni habari za maandamano na risasi huko mwishoni mwa Januari. Nimepiga simu kwa jirani yako, haiiti. Nimepiga dukani kwa Shaame, inaita, haipokelewi. Mwanamwema amewapigia watu wa Unguja, wa Tanga, wa Mombasa. Kila mmoja anajua kitu kuhusu mtu mwingine.

Andika neno moja tu. "Nipo" linatosha.

Duka ni zima.

Mwadini


Wembley
4 Machi 2001

Dada,

Bado sijapata kitu. Huku mifugo ina maradhi ya midomo na kwato, nyama imepanda bei, jioni televisheni inaonyesha ng'ombe wakichomwa moto, na Mwanamwema anaizima. Natuma nakala ya barua hii kwa mtoto wa Ami yetu, Mombasa, huenda akawa na njia.

Ukiniuliza habari za makopo, nitakuandikia siku nyingine.

Mwadini


Mombasa
25 Machi 2001

Mwadini, mdogo wangu,

Nipo. Hilo umelitaka, umelipata.

Nimekuja kuwatembelea watoto wa Ami na nimeona nipumzike kidogo. Wazima wote, wanakusalimu. Joto la huku si la mchezo. Bahari iko karibu, usiku upepo unaingia. Nimejifunza kupika unga wa mahindi wa rangi ya manjano. Unanishinda, unashika chungu nje na ndani unabaki mbichi. Mtu akikosa samli na nazi, anakosa hata namna ya kuudanganya.

Mimi sina jambo. Wewe una jambo. Mwaka mzima umenijaza makopo, ghafla ati "siku nyingine". Nilikufundisha kuandika mimi, naujua mwandiko wako unapokimbia. Nini kimetokea dukani?

Jibu kwa anwani hii, watanifikishia.

Sheikha


Wembley
6 Mei 2001

Dada Sheikha,

Salamu zangu fupi leo. Tuzima. Nina mambo mawili, na la pili ndilo lililoniamsha niandike.

La kwanza ni la duka. Mwezi wa Januari alikuja mtu wa kampuni inayosimamia vocha, kijana mwenye adabu na koti la mvua. Alisoma kibandiko changu, akaingia, akaangalia huku na huku. Akaona makopo na vipande vya kanga. Akaniuliza, tena kwa upole, "Na haya?"

Dada, ningeweza kusema mchele. Ningeweza kusema pambo la Kiafrika, angeamini. Badala yake nilitoka nyuma ya mizani. Nikamwambia haya ndiyo yale mliyowaibia watu hawa, mimi ninawarudishia. Nikamweleza kopo moja moja. Nikamtajia kanuni yao kwa namba yake na wanafalsafa watatu. Agathe alikuwa pale, ananivuta shati, sikumsikia. Kijana akanishukuru, maana nilikuwa nimemkamilishia kazi yake.

Mwezi wa Februari ikaja barua. Makopo ni chenji iliyofichwa, kibali kimesimamishwa. Kitarudi iwapo nitatia saini kwamba nilikosa, kwamba nitaondoa kibandiko, na kwamba sitarudisha thamani ya vocha kwa namna yoyote. Nisiposaini hadi mwisho wa Juni, kinafutwa moja kwa moja. Nimeandika jibu la kurasa tisa. Ni zuri. Sijalipeleka.

Kwa sasa Agathe anakwenda kwa miguu hadi duka kubwa, mdogo mgongoni, mkubwa anaburutwa kwa mkono. Huko chenji yake inaliwa na mashine isiyo hata na uso wa kutukanwa. Juzi alipita mbele ya duka na mifuko, nikatoka kumsaidia. Hakunipa.

"Papa Mwadini, weye uko mutu muzuri sana. Lakini ile kinywa yako itatuua na njaa."

Pradip naye amenipa ukweli: bila wateja wa vocha na bila uwanja, kodi ya pango siwezi kuilipa ikifika msimu wa baridi. Lakini nitasainije, Dada? Nitaandikaje kwa mkono wangu kwamba nilikosea kumpa mtoto wali?

La pili. Jana ameingia dukani kijana mwembamba, anauliza kama bado tunachukua vocha. Lafudhi nikaijua kabla hajamaliza sentensi. Faki, wa Mtambwe, amefika London mwezi uliopita. Nikamwambia mimi mtu wa Wete, dada yangu ni Mwalimu Sheikha. Akaweka mkono kifuani.

"Bi Sheikha wa skuli? Mbona nilikuwa nyuma yake Shimoni, pwani ya Kenya, kwenye foleni ya unga! Alikuwa akimsuta mgawaji kila siku, ati, 'Hicho kipimo chako kimefundishwa na nani?'"

Foleni ya unga. Nilimwomba arudie, akarudia. Akasema mlivuka usiku kwa mashua, mkalala pwani chini ya turubai. Mwanamwema alikuwa amesimama mlangoni. Akakaa kitako kwenye gunia.

"Nimekuja kuwatembelea watoto wa Ami." Wewe! Uliyenichapa kwa kusema uongo wa embe moja! Mimi nakuandikia hadithi za makopo, na wewe uko kwenye foleni ya kugawiwa unga wa manjano, na unaniuliza mimi nina jambo gani.

Kwa nini?

Mwadini


Mombasa
2 Juni 2001

Mdogo wangu Mwadini,

Sasa niko Mombasa kweli. Mtoto wa Ami alikuja kunichukua mwezi wa Aprili, baada ya wenzetu wengi kupelekwa kambi ya mbali huko bara. Nalala kitandani. Goti limevimba lakini ni langu bado. Mwambie Mwanamwema ainuke kwenye gunia.

Umeuliza kwa nini. Siku zile nilifungua mlango kwa watu waliokuwa wakikimbia, wakalala kwangu. Kulipokucha wakaja wengine kuuliza nani alilala kwangu. Basi nikaondoka. Sikukuandikia kwa sababu ungeandika gazetini. Ungeandika vizuri, na ungenitaja, na waliolala kwangu wengine wamebaki kule. Sikukuogopea wewe, Mwadini. Nilikuogopa.

Hilo nimelisema. Sasa la duka.

Shimoni mgawaji alikuwa na mkebe na kijiti. Anajaza unga, halafu anapitisha kijiti juu, ule wa juu unarudi guniani. Kijana wa watu, hakuwa na ubaya, aliambiwa afanye hivyo. Mimi kila siku namwambia, mwanangu, acha kijiti. Anacheka, anakipitisha. Siku ya mwisho alikiweka mfukoni.

Katika ile foleni nilimfikiria Baba na kibaba chake cha bati. Wewe ulikuwa mdogo, unasoma chini ya kaunta, hukuwa ukimwangalia. Wenye maduka wengine walipima kibaba cha mfuto, sawasawa na mdomo wa kipimo. Baba alipima cha tele: anateka, anaacha mlima juu, hausawazishi. Mnunuzi akimshukuru anamwuliza, kwa lipi? Alimpimia hivyo aliyekuja na fedha, aliyekopa na aliyetumwa na tajiri. Kwa hiyo hakuna aliyewahi kujua nani alikuwa na shida.

Wewe umewapangia wenye shida makopo kwenye rafu, ukawafunga na kanga ili waonekane. Nia yako njema. Lakini umefanya foleni.

Ondoa makopo. Tia saini. Nasema tia saini, Mwadini, na usiandike maelezo pembeni. Halafu mpimie kila mtu tele, mwenye vocha na mwenye fedha. Karatasi yao inakataza kumrudishia mtu chenji ya vocha. Anachopewa kila anayeingia dukani ni chenji ya nani?

Itakugharimu, najua. Saini ndiyo itakuuma zaidi. Nami nakuomba uumie.

Sheikha


Wembley
19 Agosti 2001

Dada Sheikha,

Nimefurahi kusikia unalala kitandani. Mwanamwema ameinuka, na anakutumia dawa ya goti kwa mkono wa Pradip, ambaye anakwenda Mombasa kwa arusi. Zahra amesoma barua yako ya mwisho yote, peke yake, kwa Kiswahili.  Kesho yake niliona kalamu na karatasi mezani kwake, nadhani atakuandikia.

Ulichosema mwanzoni mwa barua ile, kwamba uliniogopa, sitakijibu. Nimekibeba tu.

Nilisaini tarehe ya mwisho. Nilisoma karatasi mara nyingi nikitafuta pembe ya kuandikia neno, nikakumbuka uliyosema, nikaandika jina langu tu. Kurasa tisa nimezitia kwenye jiko la nyama uani. Ziliwaka vizuri. Kibandiko nimekibandua. Kioo kimebaki na alama nne za gundi. Mwanamwema ananiambia niisugue, nimekataa. Niwaachie angalau gundi.

Kibali kikarudi. Kilo napima kwa mizani kama sheria ya huku inavyotaka, na juu yake nateka kibaba kimoja na mlima wake, namwagia mfukoni. Kila mteja, kila mchele, kila dengu. Pradip alipoona alishika kichwa. "Mwadini bhai, kwanza ulitaka kufilisika kwa kelele. Sasa unataka kufilisika kwa adabu." Lakini tangu Julai amenipunguzia bei ya gunia, na nikimwuliza anasema magunia yenyewe yalikuwa na vumbi.

Wiki hii yule kijana wa kampuni amerudi. Duka lilikuwa na watu. Agathe mbele na vocha yake, Faki nyuma yake na yake, na Pradip ameingia kuchukua dengu za nyumbani, fedha mkononi. Kijana akasimama kando ya friji, kalamu tayari.

Nikampimia Agathe kilo. Nikateka kibaba. Nikauacha mlima wake juu.

"Hicho cha juu ni nini?" akauliza kijana.

Dada, nilikuwa na majibu saba. Yote yalikuwa mazuri. Nilihisi yanapanda moja baada ya jingine hadi nyuma ya meno. Agathe hakunitazama mimi, alitazama mdomo wangu. Watoto wake wawili pia, kama wamefundishwa. Nikafumba mdomo.  Nikatia mchele kwenye mfuko wake, nikamwita aliye nyuma.

Faki, kilo, kibaba. Pradip, kilo, kibaba. Pradip akaweka fedha zake mezani, akahesabiwa chenji yake halali, akaonyesha mfuko wake kwa yule kijana na kumwambia kwa Kiingereza chake cha Jinja, "Hapa hupima hivi. Mimi ninayemuuzia namlaumu kila siku."

Kijana akangoja. Akaingia mama wa Kiingereza, mtu mzima wa mtaa huu, anayenunua mchele wa kumpikia mbwa wake. Nikampimia kilo. Nikateka kibaba. Akasema asante, mpenzi, akatoka.

Kijana akaandika kitu. Alichoandika sikukiona. Akasema nitasikia kutoka kwao. Alipokaribia mlango akasimama mbele ya kioo, akatazama zile alama nne za gundi, akanitazama mimi. Halafu akaenda.

Sijasikia kutoka kwao. Kila asubuhi barua zikianguka mlangoni Mwanamwema anazifikia kabla yangu. Agathe anakuja kila Jumanne, anapimiwa, anakwenda, tumekuwa kama watu waliokosana. Jana alipokuwa anatoka aligeuka.

"Papa, ile siku ulinyamaza."

"Nilinyamaza."

"Ilikuuma?"

"Sana."

"Hiyo njo vizuri," akasema, akapanga mchele wake juu ya kigari cha mtoto.

Sijui nimeshinda au nimeshindwa. Niambie wewe.

Mwadini


Wete, Pemba
21 Oktoba 2001

Mwadini,

Tazama nimeandika wapi hapo juu. Wakubwa wamepatana, nami nimerudi wiki iliyopita. Mlango ulikuwa umevunjwa, ndoo ilikuwa imejaa. Waliolala kwangu wote ni wazima. Zahra ameniandikia kurasa mbili. Makosa yake ni mengi na nimeyapenda yote. Mwambie nitamjibu yeye mwenyewe, si kupitia kwako.

Umeuliza umeshinda au umeshindwa. Huyo Agathe anapata mchele?

Basi sugua kioo.

Dada yako,
Sheikha